Amri ya Kwanza ya Mzee Futi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao, linalotosha watu wanne wanaopendana au watatu waliogombana. Limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, pale barabara mbili zinapokutana na kila mpitaji analazimika kupunguza mwendo, atake asitake. Kulia kuna jiko la mkaa la Mama Birika, muuza kahawa. Kushoto kuna pikipiki ya Breki, kijana wa bodaboda, ambayo siku zote inapata kivuli kizuri kuliko mwenyewe. Ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na benchi, kuna ofisi ya serikali yenye mlango wa kijani, ambako watu huenda kutafuta vyeti na kurudi na ahadi. Kijiweni hakuna anayetafuta cheti. Pale kila asubuhi nchi inaendeshwa upya, wakubwa wanafukuzwa kazi kabla ya kikombe cha pili, na jua likishapanda kila mtu anarudi kwenye shughuli zake akiwa hoi kwa uzito wa madaraka.

Asubuhi hiyo Mzee Futi, fundi cherehani wa mtaa, alikuja akitembea kama mtu mwenye nguo mpya, ingawa shati lilikuwa lile lile na tepu ya kupimia ilining'inia shingoni kama kawaida. Hakukaa. Alisimama mbele ya benchi, akakohoa.

— Jamani, mimi nimetoa amri.

— Wewe? Breki alishangaa. Wewe ambaye wateja wanakuamuru hata pa kuweka kifungo?

— Amri ya nyumbani. Kama ile ya jana usiku.

Ile ya jana usiku kila mtu aliisikia redioni. Rais alikuwa ameamuru kwamba kuanzia leo ofisi zote za serikali zifunguliwe mapema, na kila mkuu wa ofisi asimame mlangoni yeye mwenyewe kuwapokea wananchi. Bunge halikukaa, mjadala haukuwepo, kura haikupigwa. Na tazama sasa: pale kwenye mlango wa kijani, mkuu wa ofisi, ambaye wananchi walimjua kwa saini tu, alikuwa amesimama ndani ya koti jeusi, jasho linamtoka, anampa mkono kila mtu, hadi waliokuwa wanapita zao kwenda dukani.

— Mnamwona? Mzee Futi alisema, na furaha ilimjaa mpaka kwenye masikio. Mtu mmoja kasema neno moja, na yule bwana kasimama. Lile koti nimelishona mimi. Leo ndiyo mara ya kwanza kuliona likiwa wima.

— Na wewe umemsimamisha nani? aliuliza Mama Birika.

— Binti yangu.

Habari ya binti ilikuwa inajulikana benchi zima. Binti wa Mzee Futi, mtoto pekee, alikuwa amemaliza mafunzo na kupata kazi ya kuendesha kreni kwenye daraja linalojengwa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Kijiweni wanamwita Injinia. Safari ilikuwa leo, na basi lilikuwa linaondoka kabla ya mchana.

— Nimeamuru haondoki mtu, Mzee Futi akasema. Nilikuwa sebuleni, mama yake yuko jikoni. Nikamwambia binti: nenda kamwambie mama yako, kuanzia leo hakuna mtu wa nyumba hii atakayehama. Akaenda. Akarudi. Akasema: Mama amesema sawa.

— Sawa tu?

— Sawa tu. Imepita bila kupingwa.

Hakuwaambia yaliyobaki, maana yaliyobaki hayasemeki kwenye benchi. Mzee Futi na mkewe hawakuwa na ugomvi hata siku moja. Walikuwa wamezoea tu. Tangu mtoto ajue kuongea, maneno ya nyumba ile yalipita kwake: mwambie mama yako mgeni amefika, mwambie baba yako maji ya kuoga yapo. Yeye alikuwa anatoka chumba hiki anaingia kile, analeta na kupeleka, na nyumba ilikwenda vizuri. Sasa akiondoka? Mzee Futi aliogopa. Aliogopa kukaa mezani na mtu anayempenda na kukosa la kumwambia.

— Tulia kwanza, alisema Waziri. Unajua amri ya rais ni kitu gani?

Waziri si waziri. Alikuwa tarishi wa wizara mpaka alipostaafu, kazi yake kubeba mafaili kutoka ofisi hii kwenda ile, na mtu akibeba mafaili miaka yote hiyo huishia kuamini kwamba aliyaandika yeye.

— Amri ya rais si sheria, aliendelea, akiweka kikombe chini kwa heshima. Sheria inatungwa bungeni. Amri ni mkubwa kuwaambia watu wake wa kazi: sheria ipo, sasa itekelezeni hivi na hivi. Basi.

— Basi? Breki alishtuka. Mtu ana ikulu, ana walinzi, ana msafara mpaka njia inafungwa, halafu basi?

— Basi. Yule bwana wa mlango wa kijani ni mtumishi wa serikali. Kaambiwa asimame, kasimama. Lakini wewe, rais hawezi kuamka tu akakuamuru usimame mlangoni kwako.

— Mimi sina mlango, nina pazia.

— Hata kwenye pazia.

— Anaweza!

— Hawezi, mpaka iwepo sheria ya kumruhusu. Amri haisimami hewani. Inaning'inia kwenye katiba au kwenye sheria, kama koti kwenye msumari. Ukikosa msumari, koti liko sakafuni.

Mzee Futi akakaa. Hakuwa amepanga kukaa.

— Msumari wangu ni ubaba, alisema.

— Umeandikwa wapi?

— Umeandikwa usoni kwa mtoto. Hebu itazame pua yake, halafu utazame hii.

Mama Birika alicheka mpaka majivu yakaruka kutoka jikoni.

— Nyinyi hamjui kitu, alisema Breki. Siri yote ni kalamu. Hamjaona kwenye televisheni? Mkubwa akitaka kusaini analetewa kalamu nene kama ndizi, na watu wamejipanga nyuma yake wanatabasamu. Mnadhani wanatabasamu nini?

— Wamelipwa, alisema Mama Birika.

— Wino! Wino wa kalamu ile hautoki kiwandani.

— Unatoka wapi?

— Hapo ndipo wanaponyamaza. Lakini ukisaini kwa kalamu ya kawaida, amri inakaa siku mbili tatu inachacha.

— Kama maziwa.

— Kama maziwa, Mama Birika! Ndiyo maana kuna amri unaisikia mara moja, halafu kimya. Ilichacha.

— Kijana, Waziri alisema, mimi nimebeba amri kwa mikono yangu hii. Hazichachi.

— Ulizinusa?

Waziri alifikiri. Ilionekana wazi kwamba hakuzinusa.

Breki alikuwa ameshashika mteremko, na jina lake hakupewa kwa kuwa anazo, alipewa kwa kuwa hana. Alisimama, akashika usukani wa pikipiki ambayo haijawashwa.

— Na tena amri inakwenda kwa mwendo wake. Inatoka ikulu, inasambaa, inakuja. Sasa mimi niko barabarani, gia ya mwisho, upepo masikioni. Amri inanifuata, inanikosa! Naweza kuishi wiki nzima chini ya amri ya zamani.

— Ukisimama kuweka mafuta?

— Hapo inanipata. Ndiyo maana siku hizo najaza tangi kabisa.

— Kwa hiyo Injinia akipanda pikipiki yako, alisema Waziri kwa upole wa mtu anayetega mtego, amri ya baba yake haimpati?

Breki aliachia usukani. Alitazama viatu vyake.

— Sikusema hivyo.

Mzee Futi alimtazama kwa jicho la kupimia kiuno, lakini kabla hajauliza, Mama Birika alinyanyua birika na kulikumbatia.

— Mimi nina moja tu. Rais akiamuru kila ofisi iweke viti vya wageni, hela ya viti inatoka wapi?

— Bungeni, Waziri alisema. Kufuli la hazina wanalo wao. Rais anaweza kuamuru mpaka sauti ikauke, bunge lisipotoa hela, wageni watakaa chini.

— Basi hapa bunge ni mimi. Na nimepitisha kwamba Breki akileta nadharia nyingine, kikombe chake kinabaki kitupu.

— Huo ni ukandamizaji!

— Ni bajeti.

Mzee Futi alikuwa anapiga hesabu kichwani. Ufunguo wa stoo anao nani nyumbani? Mkewe. Wa kabati? Mkewe. Hata kitasa cha mlango wa uani mkewe ndiye anayejua unakibinyaje kinafunguka. Alijifariji kwamba bunge lake lilishasema sawa.

— Na mahakama je? aliuliza Waziri. Maana mtu yeyote akiona amri imevuka mipaka anakwenda mahakamani, na jaji anaisimamisha pale pale. Kwako kuna mama mkwe?

— Yupo.

— Anakaa wapi?

— Chumba cha uani.

— Mama yangu! Breki alipiga kofi paja. Mahakama ya Rufani iko ndani ya ua!

— Na anampenda mjukuu wake?

Bibi yule alikuwa ametangaza kwa majirani wote kwamba mjukuu wake anakwenda kuliinua daraja kwa mkono mmoja.

— Tena kuna balaa la mwisho, Waziri aliendelea, na sasa alikuwa anafurahia, macho yakimng'aa. Amri ya rais mmoja inafutwa na rais anayefuata. Siku ya kwanza tu. Anakaa kwenye kiti, hata hakijapata joto, anafuta.

— Mimi sina anayenifuata.

— Unalala usiku?

— Nalala.

— Ukilala anatawala nani?

Kicheko kilipanda mpaka muuza duka akatoa kichwa dirishani. Mzee Futi naye alicheka, hakuweza kujizuia. Ng'ambo ya barabara mkuu wa ofisi alikuwa amechoka kusimama. Alileta kiti, akakaa mlangoni, akawa anatoa mkono bila kuinuka.

— Mmeona? Breki alinong'ona. Imeanza kuchacha.

— Basi niimarishieni! Mzee Futi alisema kwa sauti ambayo hata yeye hakuitegemea. Nyie si watu wa serikali? Yangu niliisema kwa mdomo tu, ndiyo maana ina matundu. Tuiandike.

Karatasi haikuwepo. Mzee Futi alitoa mfukoni kipande cha bitana ya kijivu, kile kitambaa cha ndani ya koti, kilichobaki kwenye suti ya mteja, akakitandika juu ya goti, akashika chaki yake ya kuchoria nguo. Waziri alisimama na kufunga kifungo cha juu cha shati. Miaka yote aliyobeba mafaili alikuwa anaingoja siku hii.

— Andika. Kwa kuwa mimi ni baba wa nyumba hii.

— Kwa kuwa mimi ni baba wa nyumba hii, Mzee Futi aliandika. Na kwa kuwa kreni ni ndefu.

— Hiyo si hoja ya kisheria.

— Ni hoja ya shingo. Umewahi kuitazama moja? Kuna kibanda kule juu, kidogo kama banda la kuku, na mtoto wangu ndiye atakaa humo. Mimi nimefanya kazi maisha yangu yote nikiwa nimekaa. Hata balbu ikiungua, ngazini anapanda yeye.

— Haya, andika. Na kwa kuwa kreni ni ndefu.

— Na kwa kuwa mezani tunakaa watu watatu, Mzee Futi alisema, na chaki ikasimama. Na watatu ukitoa mmoja...

Hakumaliza. Hakuna aliyecheka. Mama Birika alijifanya anapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

— Sentensi haijaisha, Waziri alisema taratibu.

— Iache hivyo hivyo, alisema Mama Birika. Tumeielewa.

— Basi malizia. Kwa hiyo, naamuru kwamba binti yangu asiondoke. Weka saini. Muhuri!

Muhuri ulikuwa kitako cha kikombe cha kahawa, kikagongwa chini ya saini na kuacha duara la kahawia. Breki alikimbia nyuma ya Mzee Futi, akajipanga peke yake, akatabasamu meno yote kama ujumbe mzima. Muuza duka alipiga makofi kutoka dirishani bila kujua anapongeza nini.

— Kuna marekebisho madogo, Breki alisema, tabasamu likiwa bado mahali pake. Tuongeze: isipokuwa kama amekwisha ahidiwa usafiri.

— Ameahidiwa na nani?

— Na mtu.

— Mtu gani?

— Mtu mwenye pikipiki.

Mzee Futi alisimama na bitana mkononi.

— Breki! Wewe ndiye unampeleka stendi?

— Aliniomba wiki iliyopita! Nilimwambia nitamchukua hapa hapa. Sikujua kama utapindua nchi!

— Wewe ni mtu wa serikali yangu! Umesimama nyuma yangu! Umetabasamu!

— Hukuniapisha!

— Hana kosa, Waziri alisema. Kweli hukumwapisha.

Mabishano yalikuwa yamefika mahali pazuri kabisa, Breki ameweka mkono juu ya tangi la mafuta akitaka aapishwe kwanza kisha ajiuzulu, wakati sauti iliposema:

— Shikamooni.

Injinia alikuwa amesimama pembeni ya jiko. Begi mgongoni, buti miguuni, na kofia ngumu ya njano imefungwa kwenye mkanda wa begi ikicheza cheza.

— Marahaba, walijibu wote kwa pamoja, kama wanafunzi waliofumwa.

— Usisogee, Injinia, Breki alisema. Kuna amri.

Binti alinyoosha mkono. Mzee Futi alimpa bitana, kwa sababu hakujua la kufanya zaidi. Binti aliigeuza kufuata mwanga, akasoma. Kwenye kreni alitabasamu. Kwenye watatu ukitoa mmoja alisoma polepole, akarudia, na tabasamu likatoka. Kisha akaikunja kwa uangalifu ili chaki isifutike.

— Nimeielewa, baba. Nina swali moja tu.

— Uliza.

— Nani ataitekeleza?

Aliuliza kwa adabu kabisa, kama mtu anayeuliza duka linafunguliwa saa ngapi. Mzee Futi alimtazama Waziri. Waziri alitazama mafaili ambayo hayakuwepo mapajani mwake. Breki alitazama pikipiki. Mama Birika alikitazama kila kikombe kimoja kimoja. Ng'ambo ya barabara mkuu wa ofisi alikuwa ameingia ndani, akaacha koti lake jeusi kwenye mgongo wa kiti, mlangoni. Mwananchi mmoja alifika, akalitazama, akaona bora asikose adabu, akashika mkono wa koti akautikisa, akaingia.

Mzee Futi aliizunguka nyumba yake kwa mawazo, chumba kwa chumba, akimtafuta mtekelezaji. Nani alikuwa anapeleka neno jikoni? Yeye. Nani alikuwa anarudisha jibu? Yeye. Mwambie, mwite, muulize, kamwangalie: kila amri iliyowahi kutoka kwenye kiti chake cha sebuleni ilitembea kwa miguu ya mtoto huyu. Serikali yake yote ilikuwa na mtumishi mmoja, na mtumishi mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake amevaa buti za kazi.

Ilimuuma. Ilimuuma kweli, kifuani, upande wa mfuko wa shati. Halafu, sijui kicheko kilitoka wapi, kikamshika mabegani, kikamtikisa mpaka tepu ikaanguka kutoka shingoni. Alicheka na machozi yanamtoka, na binti akacheka kwa kumwona anavyocheka, na Breki akacheka kwa kuwa ameokoka.

Mzee Futi alichukua ile bitana, akaikung'uta hewani mara moja. Chaki ilipaa, maneno yakaenda. Lilibaki duara la kahawa tu.

— Nenda, mwanangu. Nenda na Mungu. Ila ukifika juu, usitazame chini.

— Baba, kazi yenyewe ni kutazama chini.

— Basi tazama kidogo kidogo.

Mkewe alitokea wakati huo huo, anakuja mbio na kanga inamponyoka, amebeba furushi la chakula lililofungwa vizuri, bado lina moto. Alimkabidhi binti, akamkumbatia na begi lake, kofia ikambonyeza kidevu, hakujali. Waziri alimsogelea Mzee Futi sikioni.

— Bunge gani hili linapitisha amri na kufunga chakula cha njiani?

— Na mimi nashangaa, Mzee Futi alijibu.

Breki aliwasha pikipiki. Binti alipanda nyuma, furushi mbele, akawapungia, na wakapotea kwenye kona kwa mwendo ambao hakuna amri ingeufikia.

Wakabaki wamesimama, mume upande huu wa benchi na mke upande ule, wote wanaitazama kona. Mama Birika aliwaonea huruma.

— Kaa, dada yangu, upate kahawa. Kimebaki kikombe kimoja. Aliinamisha birika mpaka tone la mwisho. Mzee Futi, mkeo nimtilie sukari?

Lilikuwa swali dogo kabisa. Mzee Futi alifungua mdomo. Kichwa kiligeuka chenyewe kumtafuta binti amuulize, na binti hakuwepo. Alimtazama Waziri, kana kwamba kulikuwa na faili. Mwisho kabisa, kwa kuwa njia nyingine haikuwepo, alimgeukia mkewe.

— Unatumia sukari?

Mkewe alimwangalia kama mtu aliyesikia ukuta unaongea.

— Vijiko viwili.

— Haya, viwili, alimwambia Mama Birika. Kisha, kwa kuwa hakukufa kwa lile la kwanza, akajaribu la pili. Mimi situmii kabisa.

— Hutumii? Mbona chai yako nakutilia vitatu miaka yote hii?

— Mtoto alipoanza kuongea tu, nilimtuma akwambie usinitilie sukari.

— Alikuja akasema baba anasema ahsante.

Waziri alisogea mwisho kabisa wa benchi kuwapa nafasi, lakini si mbali kiasi cha kutosikia. Mkewe alikaa. Mzee Futi akakaa karibu yake.

— Na mimi, mkewe alisema, nilimtuma akwambie unakoroma mpaka kuku wanaamka.

— Mimi aliniambia umesema pole na kazi.

— Pole na kazi?

— Pole na kazi. Nikafurahi. Nikalala vizuri zaidi.

— Nilisikia!

Mama Birika alishindwa, akageukia ukutani, mabega yanamruka. Waziri alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Mkewe naye alianza kucheka, kikombe kinamtetemeka, kahawa ya mwisho ya siku inamwagikia kanga, na Mzee Futi akakumbuka kwamba kicheko hicho ndicho kilichomfanya akapeleke posa, na akashangaa kilikuwa kimejificha chumba gani siku zote hizo.

— Na leo asubuhi? aliuliza, akishaogopa jibu. Sebuleni nilimtuma neno. Alikuambia nimesema nini?

Mkewe alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

— Alisema, baba anasema umfungie chakula kizuri cha njiani. Mtoto wake anakwenda kazini, na amefurahi mpaka hawezi kuja kukwambia mwenyewe.

Mzee Futi aliitazama kona. Aliyapima maneno hayo juu chini, mbele nyuma, kama anavyopima nguo ambayo mtu mwingine ameishona.

— Hilo, alisema kwa mdomo wake mwenyewe, alilipata sawasawa.